Vyumba Visivyosikiana

Kamusi alijua siku ile mumewe alipomrudishia, mezani wakati wa chai ya asubuhi, sentensi ambayo hakuwahi kumtumia mtu yeyote.

Jina la Kamusi alipewa ofisini. Kazi yake ilikuwa kutafsiri maelezo ya mashahidi kwa ajili ya wakili, na ilikuwa nadra aulizwe neno akasema ngoja kwanza nikatazame. Mumewe alikuwa mfamasia, mtu mpole mwenye mikono misafi na sauti ya kumshawishi mtoto ameze dawa chungu. Juma zima walikuwa wamegombana, ugomvi wa chini kwa chini usiovunja vyombo. Asubuhi ile mfamasia alimsogezea sukari, akasema, "Sitakuomba radhi tena, maana umechoka kuombwa radhi na mtu asiyejua kosa lake."

Kamusi akaendelea kukoroga chai. Maneno hayo ya kuchoka kuombwa radhi aliyaandika yeye, jana yake, akianza barua pepe kwa dada yake mkubwa aliyeishi mbali. Aliyaandika, akayasoma, akaona makali mno, akayafuta yote na badala yake akauliza hali ya watoto. Hakuyatuma. Hakuyatamka hata kwa kujisemea peke yake.

Akasubiri hasira ije. Haikuja. Kilichokuja ni kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilianzia kifuani ikashuka mpaka kwenye vidole. Aliosha vikombe, akakumbuka kufunga gesi, akatia kompyuta kwenye mkoba. Mumewe akamwambia achukue mwavuli, mawingu hayakuwa mazuri. Akachukua mwavuli.

Hakwenda ofisini. Alikwenda hospitali, kwa wifi yake.

Huyu alikuwa mdogo wa kike wa mumewe, fundi wa kompyuta za hospitali, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Zamani Kamusi alipita kumsalimia na kumwita wifi mbele ya wauguzi. Wauguzi, ambao kila mara humwita wakati mtandao umegoma, walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo hospitali nzima ikamwita Wifi. Ukisikia kwenye korido, "Wifi imekatika, muiteni Wifi," ujue hakuna aliyekosea.

Wifi alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akaomba kompyuta. Kamusi alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kinasubiri kutengenezwa. Kwa mlango wa nyuma aliona mashuka yakitolewa kwenye mashine, yakikunjwa, yakipangwa, mengine yakiletwa. Aliyatazama kwa makini kama mtu aliyetumwa kuja kuyahakiki.

Haikuchukua muda. Wifi alikuta programu iliyojificha chini kabisa, imejipa jina la kitu cha kawaida cha printa. Kazi yake ilikuwa kunakili kila herufi iliyobonyezwa, hata iliyofutwa, na kila baada ya muda kuzikusanya na kuzituma kwenye anwani moja ya barua pepe. Aliifungua sehemu ilipoandikwa anwani hiyo, halafu akaondoa mikono yake kwenye kibodi na kuiweka mapajani.

"Anwani hii nilimfungulia mimi," alisema, "alipoanza chuo. Ni kaka."

"Nilijua," alisema Kamusi.

"Ni tangu mwaka jana, wifi yangu. Ina kila kitu."

Kamusi akauliza kama pale karibu panauzwa chai. Wifi akatoka kwenda kuitafuta.

Hicho kila kitu hakikuwa cha Kamusi peke yake. Hilo ndilo alilokwenda kumweleza wakili siku hiyo hiyo, kabla hata hajajua atalala wapi. Wakili alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata mahakamani. Alimsikiliza, akavua miwani, akasema hamwadhibu, lakini hawezi kumpa faili lolote mpaka apate kompyuta anayoweza kuiamini. Tena wateja wote wenye maelezo yaliyopita kwenye mashine ile lazima waambiwe. Akamwomba awepo wanapoambiwa. Kamusi akakubali.

Wengi walipokea kwa kutikisa kichwa, kama watu waliozoea kuambiwa mabaya zaidi. Mmoja hakutikisa. Alikuwa mpishi wa nyumbani aliyemshtaki mwajiri wake, na maelezo yake yalikuwa marefu, maana aliyasema kwa vipande, akinyamaza, akirudi, akisahihisha. Kamusi aliyatafsiri yote, pamoja na pale mahali alipoandika kwenye mabano kwamba shahidi analia.

Mpishi alimgeukia yeye, si wakili. "Kwa hiyo mumeo anajua nilivyolia?"

Kamusi angeweza kusema labda hakufika hapo, labda hakusoma. "Anajua," alisema.

Mpishi akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Wakili akafunga faili. Kamusi alingoja aone aibu, akaona tu kwamba kwenye meza kulikuwa na alama ya duara ya kikombe, na kwamba mtu alishajaribu kuifuta akashindwa.

Alihamia kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mkunga mstaafu mwenye maneno mengi, aliyebaki peke yake kwenye nyumba yenye ukuta wa kijani. Shangazi alimpa chumba cha uani. Hakumuuliza mengi siku ya kwanza, jambo lililomgharimu sana. Siku iliyofuata alishindwa kujizuia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Lia, mwanangu. Machozi hayatozwi kodi."

"Hayaji, shangazi."

"Yatakuja. Nimezalisha wanawake waliokauka kama wewe, wanasema hawasikii uchungu, baadaye wakapasua dari." Akampigapiga goti. "Basi mpaka hapo, kula."

Alikula. Alifua. Mumewe alimpigia simu, na Kamusi alipoacha kupokea, akamwandikia ujumbe, kila mmoja mpole kuliko uliotangulia. Alisema alifanya vile kwa hofu ya kumpoteza. Alisema hakuna mume asiyetaka kumjua mke wake. Kamusi aliusoma kila ujumbe kama anavyosoma maelezo ya shahidi, akitafuta kitenzi kiko wapi na nani amefanya nini, kisha akaweka simu kifudifudi.

Jumamosi Wifi alikuja na kompyuta yake ya akiba mgongoni. Ile ya zamani alisema haiamini tena hata aichemshe kwenye sufuria. Shangazi alikuwa ukumbini akizungumza na jirani kwa simu, na alipomwona mlangoni akamwambia jirani kwa furaha, "Haya kwaheri, Wifi amefika." Inaonekana jirani aliuliza mtandao umewekwa kwa kiasi gani, kwa sababu Shangazi alimjibu, "Huyu ana miguu, hajaunganishwa na kitu."

Walifanyia kazi kwenye meza ya chakula, mchana kweupe, madirisha wazi. Wifi alianza kwa kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine kuhakikisha inakubali kugawanywa. Kisha akatoa flashi. Ndani yake mlikuwa na mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, aliopakua hospitali. Lakini kabla ya kuusimika alitaka kuthibitisha kwamba ndio wenyewe, haujachezewa njiani. Kulikuwa na mstari mrefu wa herufi na tarakimu, muhuri wake, ambao aliuchapisha kutoka mahali pengine kabisa. Akampa Kamusi karatasi, akamwambia asome kwa sauti huku yeye akifuatisha kwenye kioo.

Kamusi alisoma. Hii ilikuwa kazi anayoijua, kulinganisha nakala na asili yake herufi kwa herufi, bila kujali zina maana gani. Sauti yake ilikuwa tambarare. Walipomaliza aliomba warudie kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu jicho likishazoea mstari hujaza lenyewe. Wakarudia. Ulikuwa sawasawa.

"Sasa sikiliza," alisema Wifi. "Kompyuta ya kawaida ni ukumbi mmoja. Ukikaribisha mtu mbaya akapita mlangoni, anasikia yote yanayosemwa humo. Hii tunaigawa. Kila kazi inapata kompyuta yake ndogo ndani ya hii kubwa, na hizo ndogo hazisikiani. Ni kama vyumba, kimoja kikishika moto, vingine haviungui."

"Na kama mtu ameshaingia?"

"Atakuwa kwenye hicho kimoja. Ataona kilichomo humo, basi." Akafikiri kidogo. "Lakini sikudanganyi. Haizuii mtu kukuchungulia begani. Na ukimwachia mtu mashine yenyewe ikiwa wazi, hapo hakuna fundi."

Ilipofika mahali pa kuweka nenosiri la kufungulia diski nzima, Wifi alimwambia atunge maneno kadhaa yasiyohusiana, marefu, ambayo hayapo kwenye wimbo wala kitabu wala siku ya kuzaliwa ya mtu. Akasimama. Kamusi akamuuliza anakwenda wapi.

"Nje. Sitaki kuyajua."

Alitoka uani akamsaidia Shangazi kuanika nguo, mgongo wake ukielekea dirishani. Kamusi alibaki na kioo na mahali patupu pa kuandika. Kwa muda mrefu vidole vyake havikushuka. Alikuwa na maneno maelfu kichwani, hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake, na kila moja alilolishika lilionekana limeshashikwa na mtu mwingine. Mwishowe alichukua maneno ya kazini, magumu, makavu, ya mikataba na mipaka ya viwanja, akayapanga vibaya kwa makusudi. Akayaandika. Akayarudia. Mashine ikakubali. Akafungua dirisha, akamwita Wifi.

Baada ya hapo walipanga vyumba. Kimoja cha kazi za wakili, kikapewa rangi ya kijani, na kila dirisha lililofunguka humo lilizungukwa na fremu ya kijani ili asichanganye. Cha manjano cha barua zake mwenyewe. Cha buluu cha benki. Chekundu cha kuzurura mtandaoni, ambacho Wifi alisema akihesabu ni kama barabarani, asiingie na kitu cha thamani. Na cheusi, ambacho hakikuunganishwa na mtandao wowote, cha kutunzia yale yasiyotakiwa kutoka. Kuhamisha neno tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine kulitaka vitufe maalumu, kisha vingine, na kukubali. Kamusi alijaribu, akakosea, akajaribu tena.

Shangazi alipita na sinia, akainama kutazama. "Kompyuta gani hii ina vyumba kuliko nyumba yangu? Na vyote vimefungwa. Mgeni atalala wapi?"

"Mgeni naye ana chake," alisema Wifi. "Faili usiloliamini linafunguliwa kwenye chumba cha muda, nacho ni chekundu. Ukilifunga, chumba chote kinafutika pamoja na kilichokuwemo."

"Ningekuwa nacho nilipoolewa," alisema Shangazi, akaenda zake.

Wifi alicheka. Kamusi alielewa kwamba hapo pana la kuchekesha, akatabasamu akiwa amechelewa. Ndipo Wifi akaacha kubonyeza.

"Kaka alinipigia. Alijua nitakuja kwako. Ameniomba nimwachie kidirisha. Alitumia neno hilo, kidirisha, ajue tu kama uko salama." Alikuwa akiongea na meza. "Nimemwambia hapana. Amemwambia mama kwamba ninamvunjia ndoa yake. Mama hapokei simu zangu."

Kamusi alitafuta la kusema. "Pole," alisema, na lilikuwa neno sahihi, lakini lilitoka kama limesomwa karatasini. Wifi akalipokea hivyo hivyo.

Walikuwa bado wanakunywa chai barua pepe ilipoingia kwenye chumba cha manjano. Ilitoka kwa mfamasia. Ilisema mama ameanguka, hali si nzuri, ameambatanisha picha. Mama huyu alimpenda Kamusi, na Kamusi alimuuguza mwaka uliopita alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, akimgeuza na kumwosha na kumsikiliza akilalamikia serikali. Kama ingekuwa kompyuta ya zamani angefungua kabla hajamaliza kusoma.

"Chumba cha muda," alisema Wifi.

Kamusi akalifungua faili humo, kama alivyofundishwa. Picha zilikuwepo kweli. Mama yuko kibarazani, amekaa kwenye kiti chake, kanga mabegani. Picha nyingine, kiti kile kile, anamenya chungwa. Kivuli cha mpiga picha kilifika miguuni pake. Hakuwa ameanguka popote. Picha ya mwisho haikufunguka.

Wifi aliivuta kompyuta upande wake, akalichunguza lile faili lililogoma. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Kamusi aliona kwamba ameshajua, anatafuta namna ya kutojua.

"Hii si picha," alisema hatimaye. "Imepewa jina la picha tu. Ni ile ile programu, wifi yangu. Ile ile." Akafunika mdomo kwa kiganja. "Amemtumia mama kama chambo."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na Shangazi akatokea jikoni, akasimama mlangoni, akaona anayelia siye aliyekuwa akimtarajia. Kamusi alimvuta wifi yake kifuani. Alimpapasa mgongo, akamwambia basi, basi, akampa ncha ya kitenge ajifute. Mikono yake ilijua la kufanya. Alitazama juu ya bega lake, kwenye kioo, ambako mama mkwe alikuwa bado anamenya chungwa ndani ya fremu nyekundu. Walinakili ushahidi waliouhitaji, kwa taratibu zote, kwenda mahali Wifi alipopatenga kwa ajili yake. Kisha Kamusi akafunga dirisha, na chumba kile kikafutika.

Kikao cha familia kilifanyika kwa Shangazi, baba mdogo wa mfamasia akiongoza. Mfamasia alivaa shati jeupe na alizungumza vizuri. Alikiri programu ya kwanza na kuiita wivu wa mapenzi, na wazee wengine walitikisa vichwa kwa huruma, wakisema vijana wa siku hizi na mashine zao. Alisema ameshajifunza. Ndipo Wifi alipoomba kusema. Alieleza ile ya pili, siku iliyotumwa na kilichokuwa ndani ya picha za mama, kwa maneno ambayo mzee yeyote angeyafuata, bila kumtazama kaka yake. Hakuna aliyetikisa kichwa tena. Mama alikuwa amekaa kwenye kona na fimbo yake. Alimuuliza mwanawe mara moja tu kama ni kweli alipompiga picha alikuwa anatengeneza mtego huo. Mfamasia akainamia mikono yake. Mama akainuka, akampita binti yake bila salamu, akampita Kamusi, akaenda kukaa kwenye gari.

Baba mdogo alimgeukia Kamusi kwa upole, akamuuliza kama moyoni mwake kuna msamaha.

"Sijui, baba," alisema. "Nikitazama humo sioni kitu. Sitaki kukudanganya."

Wakakubaliana ndoa ife kwa taratibu. Mfamasia alimpa mkono alipoaga. Mkono ulikuwa mkavu na wa joto, na Kamusi aliushika kama unavyoshika mkono wa mtu kwenye foleni ya rambirambi.

Wakili alileta mtaalamu wake akaikagua kompyuta. Mtaalamu alimuuliza Kamusi maswali mengi kuhusu kila chumba na sababu yake, akaridhika. Mafaili yakaanza kurudi, moja moja. La mpishi halikurudi. Mpishi aliomba mtafsiri mwingine, na wakili alimweleza hilo mlangoni, akiwa amesimama, ili lisiwe kubwa. Kamusi alisema ana haki. Alituma istilahi alizokuwa amezikusanya kwa ajili ya kesi ile, ili huyo mwingine asianze na mikono mitupu, na mtafsiri yule akamjibu kwa shukrani fupi.

Ilipita miezi kabla mama hajampigia simu binti yake. Wifi alikuwa kwa Shangazi siku hiyo, ameletwa na tatizo la kompyuta lililokuwa dogo sana kuletea mtu. Aliitazama simu ikiita, akaipokea akiwa amesimama. Mama hakutaja lolote lililopita. Alisema simu yake imejaa, haipokei picha za wajukuu, na kwamba fundi wa mtaani ni mwizi. Wifi alisema atakuja. Alisema sasa hivi. Alianza kukusanya nyaya zake, akaziangusha, akaziokota.

"Msalimie," alisema Kamusi.

Wifi akasita. "Nimwambie nani anamsalimu? Maana sasa..."

"Mwambie mimi. Atajua."

Alipoondoka, Kamusi alirudi mezani. Kulikuwa na faili jipya la mzee mmoja aliyefukuzwa kiwandani bila notisi. Alilifungua kwenye fremu ya kijani. Mzee alieleza tarehe, majina ya wasimamizi, namna walinzi walivyomsindikiza hadi getini. Kisha, bila mtu kumuuliza, alieleza kwamba mashine yake ya kusokota nyuzi ilikuwa na kasoro upande wa kushoto, na kwamba hajui kama waliyemweka mahali pake anajua kuikaza kabla ya kuiwasha. Wakili aliyemhoji hakuandika swali lolote baada ya hapo. Kamusi aliisoma sehemu hiyo, akairudia. Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakukumbuka ulianza lini. Shangazi alipita nyuma yake na ufagio, akaona, akapunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu hakusema neno.

Kamusi akajifuta kwa kiganja, akaandika sentensi ya kwanza.